Barabara ya Mawemawe Ilivyohesabiwa Mara Tatu

Wifi yangu Esnath hajui kutembea. Ukiongozana naye kutoka sokoni unajikuta unaongea peke yako kama mwehu, maana mwenzako yuko nyuma amechuchumaa, anaangalia ufa kwenye lami. Atauchokonoa kwa ufunguo wa nyumba, atainuka, ataangalia maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, halafu atakukimbilia na kukuuliza ulikuwa unasema nini. Mimi nilishaacha kurudia. Kaka yangu Liberatus, ambaye ndiye mume wake, anasema hata siku ya harusi, wakati wanatoka kanisani na vigelegele vinapigwa, alimsikia bibi harusi akinung'unika kwamba mtaro wa pale getini umejengwa ukiangalia juu.

Ndiyo kazi yake. Yuko kwenye ofisi ya barabara za mji wetu wa Iringa, upande wa mipango. Wengi tunadhani barabara inatengenezwa na greda. Esnath anasema greda ni mwisho wa maneno. Barabara inatengenezwa mezani mwaka mzima kabla greda halijawashwa, pale mtu anapokaa na kuamua mtaa upi uchongwe, upi upate karavati, upi uwekwe lami, na upi uambiwe usubiri. Anayewaambia watu wasubiri ni yeye. Sasa mtu wa namna hiyo awe wifi yako, uone raha yake.

Ni Mnyakyusa, amezaliwa na kukulia Mbeya mjini, baba yake alikuwa dereva wa malori. Kazi alianzia Chunya, ambako vumbi ni la kuoga. Huko alipewa kipande cha barabara kwenye kijiji cha wachimbaji wadogo, akatafuta kifusi cha karibu ili kubana matumizi, akakipata kwenye kilima kimoja chenye moramu nzuri, ule udongo wa changarawe. Kikamwagwa, kikashindiliwa, barabara ikawa imenyooka kama meza. Wiki haijaisha akapigiwa simu kwamba barabara haipo. Alipofika akakuta watu na sururu, ndoo na makarai wanaiosha. Kumbe kilima kile kilikuwa mabaki ya machimbo ya zamani, na kuna mtu alikuwa ameokota punje ya dhahabu kwenye tairi la baiskeli yake. Aliwauliza wazee wa kijiji kwa nini hawakumwambia mapema, nao wakamjibu kwa upole kabisa kwamba hakuwauliza. Anaisimulia habari hiyo akicheka, lakini tangu siku ile hapangi barabara kabla ya kukaa na wanaoipita.

Alipohamishiwa Iringa akakutana na Liberatus, mwalimu wa jiografia, wakaoana. Sisi Wahehe, Wanyalukolo, tuna makaribisho yetu, na mimi kama wifi nilikuwa na haki ya kumchunguza. Nilimkuta na kosa moja tu kubwa. Alikuwa anamsalimia mama kila anapoingia chumbani. Akitoka kuteka maji, kamwene. Akitoka jikoni, kamwene. Mama akavumilia siku nzima, jioni akamuuliza, "Mwanangu, kwani nimekufa nikafufuka?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwa mama salamu ni moja kwa siku. Umesema kamwene, umejibiwa, imekwisha hadi kesho. Mkikutana tena ni "haya" au "pole na kazi" basi. Ukimsalimia mtu mara ya pili ni kama kumwambia kwamba mara ya kwanza hukumwona. Watu wa mtaa wake wote wamelelewa hivyo, na wasiolelewa hivyo yeye amewalea.

Mtaa wenyewe unaitwa Mawemawe, na jina limeupata kwa haki. Uko mteremkoni, nyumba zimejibana katikati ya majabali, na barabara yake inapanda kama ngazi ya kwenda darini. Kiangazi gari linapanda kwa kuomba Mungu. Mvua zikianza barabara inakuwa mto, na mto huo haukubali hata bajaji.

Mama yetu, ambaye mtaani wanamwita Bi Lea, ana kisukari, na mguuni ana kidonda kinachotakiwa kusafishwa hospitali mara kwa mara. Kwetu masika huanza mwisho wa mwaka, na tangu yaanze vijana wa mtaa walikuwa wanambeba kwenye kiti hadi chini kwenye lami, ndipo apande gari. Wiki moja baada ya Krismasi mmoja wao aliteleza, na mama akaenda chini na kiti chake. Hakuvunjika. Alifutwa tope, akaketi kwenye jiwe, akawashukuru wale vijana mmoja mmoja, kisha akasema, "Mimi sibebwi tena. Nitabebwa siku ya kuzikwa, na siku hiyo sitakuwa na habari."

Mama akishasema, ameshasema. Tulimbembeleza mimi na Liberatus, mchungaji naye akaja akaondoka alivyokuja. Ikawa ninapanda mlima mimi na bandeji zangu, nikamsafisha kama muuguzi alivyonielekeza, na kila nikifungua kile kitambaa nilikuwa naona kabisa kwamba kazi hii si yangu. Mguu wa mama yangu ulikuwa unataka barabara. Na barabara za Iringa zilikuwa zinapangwa na mke wa kaka yangu.

Nikamwendea. Sikuzunguka. Nilimwambia mpango wa mwaka unaandikwa sasa, aiandike Mawemawe, yaishe. Esnath alinipa chai, akaniambia kwamba mitaa yote inahesabiwa wapita njia, hali ya barabara inapimwa, na yenye watu wengi na ubaya mwingi ndiyo inatangulia. Mawemawe nayo itahesabiwa. Nikamuuliza kama anamjua anayemzungumzia, kwamba huyo ni mama.

"Wifi, namjua," akasema. "Lakini nikiiandika kwa ajili ya mama, kesho atakuja mwenye kalamu kubwa kuliko yangu na mama yake. Nitamwambia nini?"

Nilimwambia amwambie hongera kwa kuwa na mama, nikaacha chai yake palepale. Baadaye nikasikia kwamba kesho yake alikwenda kwa mkuu wake, Mzee Ndalahwa, Msukuma aliyekulia Usangu, akamweleza wazi kwamba Mawemawe ni kwa mama mkwe wake, na akaomba hesabu za mtaa huo zisimamiwe na mwenzake, Obeid. Wengine wanaficha undugu ili wapendelee. Wifi yangu anautangaza ili ajifunge mikono.

Basi Obeid akaweka vibarua wake njia panda ya Mawemawe, wamevaa vizibao vya njano, kila mmoja na karatasi yake. Wakakaa toka asubuhi hadi jioni, siku kadhaa. Matokeo yakawa aibu. Kwa karatasi zile, Mawemawe ilikuwa inapitwa na watu wachache kuliko njia ya kwenda makaburini. Ikaanguka mkiani kabisa mwa mitaa yote. Esnath alikuja kutuambia mwenyewe, amesimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Nilimpa mgongo. Mama ndiye aliyemwambia aingie ndani, ugali unapoa.

Lakini mtu asiyejua kutembea ana faida yake. Jioni ile alitoka nyuma ya nyumba kumwaga maji, akachelewa kurudi, na nilipochungulia nikamwona amechuchumaa kwenye kishamba cha mama. Mahindi yalikuwa ya magotini, na katikati yake kulikuwa na njia mpya, imekanyagwa hadi udongo umeng'aa. Njia ile haikuwapo wiki iliyotangulia. Ilitoka kwa jirani wa juu, ikakata kwetu, ikapita uani kwa jirani wa chini. Akainuka, akamsimamisha Danieli, kijana wa bodaboda anayekaa nyumba ya tatu, akamuuliza nani amepitisha ng'ombe kwenye mahindi ya mama.

Danieli akainamisha kichwa. "Si ng'ombe, shemeji. Ni sisi. Tuliona wale wa vizibao, tukajua wanahesabu nyumba za kubomoa."

Ikabidi nimweleze Esnath ambayo yeye, kama mgeni, hakuyajua. Miaka ya nyuma walikuja watu wenye vizibao kama vile, wakakaa njia panda ileile na makaratasi, na baada ya hapo nyumba kadhaa zikapakwa alama ya X nyekundu. Hakuna aliyebomolewa, wala hakuna aliyeambiwa hatabomolewa. Watu wanalala na X yao ukutani mpaka leo, wengine wameitundikia kalenda. Kwa hiyo vizibao vilipoonekana tena, mtaa mzima uliacha barabara ukapita kwenye mahindi, na bodaboda wakakimbia wakidhani ni ukaguzi wa leseni. Waliobaki barabarani ni wageni na wehu.

Esnath alifurahi kama aliyeokota kitu. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Fanueli, akamweleza kwamba hesabu si ya kubomoa bali ni ya kutengeneza barabara, na wapita njia wakionekana wengi mtaa utapanda. Ningekuwepo ningemziba mdomo. Kumwambia Fanueli kitu kama hicho mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ni kumpa mlevi wa ulanzi ng'ombe akuchungie.

Fanueli alipita na kipaza sauti. Siku ya hesabu ya pili mtaa ulimwagika barabarani. Kina mama walishuka na ndoo tupu, wakapanda na ndoo tupu. Kwaya ya vijana ilifanya mazoezi ikitembea. Danieli alipita amempakia mkewe, akarudi amempakia mama mkwe wake, akarudi tena amepakia godoro. Mtu mmoja aliwashusha mbuzi na kuwapandisha mpaka mbuzi wakakaa chini wakakataa. Fanueli mwenyewe alipita akiwa na koti, akapita akiwa na kofia, akapita na mwavuli wakati jua linawaka. Obeid alirudi ofisini na karatasi zinazosema kwamba Mawemawe inapitwa kuliko barabara kuu ya Zambia pale Ipogolo na malori yake yote.

Esnath akaifuta hesabu hiyo. Yaani yeye mwenyewe alikwenda kwa Mzee Ndalahwa kumwambia kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa ya uongo wa woga na ya pili ni ya uongo wa tamaa, na zote mbili hazifai. Mzee Ndalahwa akamjibu kwamba mpango unakaribia kufungwa, na barabara isiyo na hesabu ya kuaminika haingii. Mtaani walipopata habari walimwita msaliti, tena wakanitumia mimi kufikisha ujumbe, nami niliufikisha wote bila kupunguza neno. Nilikuwa na hasira naye ambayo hata Jumapili kanisani sikuitua. Kidonda cha mama kilikuwa kimebadilika rangi.

Siku chache kabla ya mpango kufungwa alikuja kumpikia mama. Alikuwa jikoni anasonga ugali, mama yuko kibarazani kwenye kiti chake, mguu ameuweka juu ya stuli, anaitikia salamu za wapita njia kama kawaida yake. Kamwene. Kamwene, mwanangu. Shikamoo bibi. Marahaba. Akapita Fanueli, akasalimia, akaitikiwa. Baada ya muda akapita tena akirudi, na mama akamwambia "haya" tu. Nilimwona Esnath ameacha kusonga. Alibaki na mwiko mkononi, ugali unaanza kuungua, naye anasikiliza tu. Nilipomuuliza ana nini akasema, "Mama hasalimii mtu mara mbili." Nikamwambia hilo analijua tangu alipoolewa, tena kwa aibu. Akanibusu shavuni, mwiko wa ugali bado mkononi, akatoka kumpigia simu Obeid.

Obeid akaja kesho yake na siku zilizofuata bila kizibao wala karatasi, amevaa sweta, akaketi kibarazani kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Kwenye mfuko wa kulia alikuwa na punje za mahindi. Mama alipomsalimia au kumwitikia mtu, punje moja ilihamia mfuko wa kushoto. Hakuna mtu wa Mawemawe anayeweza kupita mbele ya Bi Lea bila salamu, hata bodaboda huzima injini na kuserereka kimyakimya hadi amalize kuitikiwa. Na aliyepita mara kumi kwa ujanja wake alipata kamwene moja na "haya" tisa, na "haya" hazikuwa na punje. Mama alikuwa ameambiwa ukweli wote, maana Esnath hakutaka kumtumia bila yeye kujua. Aliuliza tu kama kuna chochote anachotakiwa kufanya tofauti. Akaambiwa hakuna. "Basi mimi sina kazi hapo," akasema, na kweli hakubadilisha kitu. Esnath mwenyewe hakukanyaga Mawemawe siku zote hizo.

Hesabu ikatoka ya kibinadamu. Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani Esnath na wachache kuliko alivyotaka Fanueli. Mawemawe ikapanda hadi katikati ya mitaa yote, ikapata nafasi. Haikupata lami. Ilipata mitaro ya mawe pande zote, karavati pale chini, na zege kwenye sehemu yote ya mwinuko mpaka kona ya mama. Mpango ukapitishwa, fedha zije mwaka mpya wa serikali unapoanza, mwezi wa saba.

Kidonda hakikusubiri mwezi wa saba. Mvua zilipokatika mwezi wa nne na gari likaweza kupanda, tulimpeleka mama hospitali, na daktari akamkata kidole cha mguu. Alituita pembeni, akatuambia kwamba masika mengine kama haya bila kidonda kusafishwa, hatutazungumza tena habari ya kidole, tutazungumza habari ya mguu. Esnath alikuwa amesimama ukutani kwenye korido, bado ana vumbi la kazini kwenye viatu. Nilimwendea nikamwambia kwamba mpango wake ni mzuri sana, una hesabu za watu wote, ila umesahau kidole kimoja. Hakujitetea. Aliniambia "ndiyo, wifi," akaenda kukaa na mama. Lile "ndiyo" lake lilinichoma kuliko angenitukana.

Mwezi wa sita ukaitishwa mkutano wa mtaa kwenye uwanja wa kanisa. Mama alikuja kwa bajaji, akakaa mbele. Esnath akasimama kueleza kazi itakavyokwenda, na hapo ndipo penye mfupa. Barabara ya Mawemawe ilikuwa imeliwa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamesogeza ngazi, ukuta na vibaraza vyao hadi ndani ya barabara, na mitaro haikuwa na pa kupita mpaka vitu hivyo viondolewe. Lilipotajwa neno kuondoa, uwanja mzima ukaanza kusema kwa pamoja. Ile X ilikuwa imerudi. Mmoja akasema hawataki mitaro, walete lami katikati na wawaachie vibaraza vyao. Esnath akawaambia lami bila mtaro ni kuvaa nguo mpya na kulala kwenye nyumba inayovuja. Mwingine, mwanamke ambaye sitamtaja kwa sababu tunaimba naye kwaya, akasimama akauliza kama kibaraza cha mama mkwe wa Esnath nacho kimeingia barabarani au hicho kimehesabiwa kwa macho mengine.

Nilimtazama Esnath. Uso wake ulinionyesha kwamba kimeingia, na kwamba alikuwa hajamwambia mama. Kibaraza kile marehemu baba alikijenga kwa mikono yake, mawe aliyabeba mwenyewe kutoka juu kule. Mama anakaa pale toka jua linapotoka. Ukimwondolea, umemwondolea dunia.

"Kimeingia," Esnath akasema. "Chote."

Fanueli alikuwa anatafuta maneno ya kuahirisha mkutano. Mama akaomba asaidiwe kusimama, nikamshika mkono. Alisema bila kupandisha sauti, na watu ikabidi wasogee.

"Anzeni na mimi. Kesho asubuhi. Na hiyo X mchore vizuri, msinichafulie ukuta."

Mkutano ukaishia hapo. Kesho yake asubuhi Esnath alikuja na kopo la rangi. Alipiga magoti kwanza mbele ya mama, akakaa hivyo muda, sijui alimwambia nini kwa sababu mama alinifukuza. Nilichoona ni yeye akichora, na mama akimwelekeza kwamba mstari huu umepinda. Jioni majirani walikuwa wanamwita Obeid waonyeshwe mwisho wa ngazi zao ni wapi. Jumamosi tukafanya mgowe, kama tunavyofanya shambani: watu wote wakaja, tukapika togwa ndoo kwa ndoo, wenye ulanzi wakaleta ulanzi, na vibaraza vyote vikabomolewa na wenyewe, kwa nyimbo. Mawe ya baba hayakutupwa. Esnath aliyasimamia yakajengwa kwenye mtaro, palepale mbele ya nyumba. Siku ile nilimpelekea kikombe cha togwa, na sikumpelekea kwa sababu ya kiu.

Kazi ilianza ikichelewa, kama kazi zote, na mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kukaa juu ya mlima wakati zege la kona yetu halijamwagwa. Kila jioni akitoka ofisini Esnath alipanda, akaangalia, akashuka bila kula. Nadhani kipindi kile sote tulikuwa tunaangalia mbingu, lakini yeye alikuwa anaiangalia kama mtu anayedaiwa. Zege la mwisho likamwagwa, likachorwa mistari ili matairi yashike, likafunikwa magunia yaliyolowa. Danieli akajiteua kuwa mlinzi, akawafukuza bodaboda wenzake kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, hadi likakomaa. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, watu walitoka nje na miavuli kutazama. Maji yalishuka mtaroni yanavuma, na barabara ikabaki juu, imelowa tu. Hakuna aliyepiga makofi. Tulisimama pale tunaangalia maji yanakwenda yalikoambiwa yaende.

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya kliniki, mvua ilikuwa inanyesha toka alfajiri. Bajaji ikapanda hadi mlangoni na kugeuza pale kilipokuwa kibaraza. Mama alitoka na fimbo yake, akavuka mtaro kwenye kijidaraja, akapanda, akaketi, akajifunika kitenge. Mimi niliingia upande wa pili na mkoba wake. Njia nzima alikuwa ameshika chuma cha bajaji na kuangalia nje.

Hospitalini yule muuguzi wetu wa siku zote alishangaa kumwona kwenye mvua ile. Alichungulia nyuma yetu akitafuta vijana wenye kiti, kisha akamuuliza, "Bibi, leo umeletwa na nani?"

"Sikuletwa," mama akamwambia. "Nimekuja."

Akanyoosha mguu wake usafishwe. Kidonda kilikuwa chekundu, kizuri, kinafunga. Nikatoka kwenye korido nikampigia simu Esnath, ambaye alikuwa ofisini na mitaa mingine inayosubiri, nikamweleza alichosema mama, neno kwa neno.  Halafu akaniuliza kama nilipopita nimeona maji ya mtaro wa kulia yamefika juu kiasi gani, na sauti yake ikakatika katikati ya swali. Nikamwambia, "Wifi, lia kwanza. Mtaro tutauzungumza baadaye."